Pumba ni nafuu, maji ndiyo ghali: kuzalisha vimeng'enya vya bakteria kwa mtambo mdogo

Mtu akitajiwa uzalishaji wa vimeng'enya (enzimu, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia) kwa gharama ndogo, mawazo yake hukimbilia malighafi: pumba za ngano, mashudu ya soya, molasi, maganda. Ni kweli malighafi hizo ni nafuu, na nitazitumia hapa. Ila katika mtambo mdogo si zenyewe zinazokula fedha. Fedha inaliwa na joto la kuua vijidudu, na hewa ya kuwapumulisha bakteria, na zaidi ya vyote inaliwa na maji. Mchuzi unaotoka kwenye tangi la uchachushaji una kimeng'enya kidogo sana ukilinganisha na uzito wake. Karibu wote uliobaki ni maji uliyoyapasha, uliyoyatikisa, na ambayo sasa unataka kuyaondoa.

Hesabu yake ni fupi. Kupasha lita 100 za maji kutoka 25°C hadi 121°C kunahitaji takriban kilowati-saa 11. Kuzifanya lita hizohizo 100 kuwa mvuke kunahitaji takriban kilowati-saa 63 nyingine, kabla ya kuhesabu joto linalopotea. Kwa hiyo anayekausha kimeng'enya chake bila sababu anatumia nishati karibu mara sita ya ile aliyotumia kuua vijidudu, na malighafi ya bure haiwezi kufidia pengo hilo.

Ndiyo maana napendekeza kuanza na mtumiaji. Kiwanda cha nguo kinachotaka kuondoa wanga uliopakwa kwenye nyuzi kabla ya kusuka hakihitaji unga safi. Amilesi, yaani kimeng'enya kinachovunja wanga, ikiwa ghafi na ya maji, inatosha. Kiwanda cha ngozi kinachotaka kulegeza manyoya kinahitaji protiesi, yaani kimeng'enya kinachovunja protini, inayofanya kazi kwenye pH 8 hadi 10, na hakijali rangi ya kahawia iliyobaki kutoka kwenye pumba. Sabuni ya unga ni habari nyingine: hapo inatakiwa chembe kavu iliyofunikwa, na hiyo si kazi ya mtambo mdogo. Vimeng'enya vinavyoingia kwenye chakula au dawa vina sheria zake za usalama na usajili, na sivizungumzii hapa.

Bakteria gani

Kwa kazi hii jamii ya Bacillus haina mpinzani wa karibu. Bacillus subtilis, Bacillus licheniformis na Bacillus amyloliquefaciens hutoa vimeng'enya vyao nje ya seli, moja kwa moja kwenye mchuzi, hivyo huna haja ya kupasua seli. Hukua haraka kwenye 30 hadi 40°C, hula karibu chochote chenye wanga na protini, na hutengeneza spora, yaani seli zilizolala ndani ya ganda gumu, zinazokaa miaka bila kufa. Matumizi yao viwandani si mapya: Auguste Boidin na Jean Effront walipata hataza (hati ya haki ya uvumbuzi) ya amilesi ya bakteria nchini Marekani mwaka 1917, na soko lao la mwanzo lilikuwa hilohilo la nguo.

Chaguo kati yao linategemea joto la kazi. Amilesi ya B. amyloliquefaciens inafanya kazi vizuri kwenye 60 hadi 70°C. Ya B. licheniformis inavumilia 90°C na zaidi, mradi kuwe na wanga na kalsiamu ya kutosha. Mteja wako akiwa na mashine ya 60°C, usijisumbue kutafuta kimeng'enya cha 95°C.

Njia ya uhakika ya kupata mbegu, yaani bakteria wa kuanzia, ni kuinunua kwenye hazina za vijidudu kama ATCC ya Marekani au DSMZ ya Ujerumani. Unaweza pia kuwatafuta kwenye udongo, na njia yake ni rahisi. Chukua gramu 1 ya udongo, iweke kwenye mililita 9 za maji safi yaliyochemshwa kwa shinikizo, pasha 80°C kwa dakika 10 ili seli hai zife na spora zibaki, zimua mara 100 hadi 10,000, kisha sambaza mililita 0.1 kwenye aga (jeli ya kukuzia vijidudu) yenye wanga asilimia 1. Baada ya saa 24 hadi 48 kwenye 37°C, nakili kila koloni (kishada cha bakteria kinachoonekana kwa macho) kwenye sahani ya pili, ndipo umwage iodini kwenye sahani ya kwanza. Ukimwaga kabla ya kunakili, iodini inaweza kuua koloni ulilokuwa unalitaka. Sahani yote itageuka bluu-nyeusi isipokuwa pale wanga ulipoliwa, ambapo utaona duara angavu kulizunguka koloni. Kwa protiesi, tumia aga yenye maziwa yaliyotolewa mafuta. Duara angavu hujitokeza lenyewe bila kuongeza kitu.

Duara kubwa lisikudanganye. Linaonyesha jinsi kimeng'enya kinavyosambaa ndani ya aga sawa na linavyoonyesha wingi wake, na mara nyingi koloni lenye duara la wastani ndilo linaloongoza likiingia kwenye mchuzi. Chukua makoloni kumi au zaidi, yapime yote kwenye flaski, ndipo uchague.

Hapa kuna hatari ambayo wengi wanaipita haraka. Udongo una pia kundi la Bacillus cereus, ambalo wengine wake hutoa sumu, na bakteria wa kimeta naye yumo kwenye kundi hilo. Nao huishi baada ya 80°C, nao hutoa duara angavu. Kipimo cha kwanza ni aga ya kiini cha yai: B. cereus huacha ukungu mweupe kuzunguka koloni, B. subtilis haachi. Lakini usitegemee kipimo kimoja. Kabla ya kukuza kitu chochote kutoka kwenye udongo kwa kiasi kinachozidi flaski, kipeleke kwenye maabara yenye uwezo kikatambuliwe kwa jina.

Ukishapata mbegu nzuri, itunze. Kosa linaloua miradi mingi kimyakimya ni kuhamisha bakteria kutoka sahani moja hadi nyingine wiki baada ya wiki. Kila uhamisho unawapa nafasi wale wanaokua haraka kwa sababu wameacha kutumia nguvu kutengeneza kimeng'enya, na baada ya mihamisho mingi mavuno hushuka bila sababu inayoonekana. Tengeneza akiba mara moja: mirija mingi midogo ya spora kwenye gliseroli asilimia 20 ndani ya friza, au spora zilizokaushwa kwenye vipande vya karatasi ya kuchujia iliyotakaswa (iliyouliwa vijidudu vyote), zikatunzwa pakavu kwenye 4°C. Kila mkupuo, yaani kila awamu ya uzalishaji, uanze na mrija mpya.

Chakula chao

Mchuzi ninaoupendekeza kuanzia, kwa lita moja, una gramu 10 za unga wa wanga, gramu 10 za unga wa mashudu ya soya uliosagwa laini, gramu 2 za dipotasiamu fosfeti, gramu 0.5 za magnesiamu salfeti na gramu 0.2 za kalsiamu kloridi, pH ikirekebishwa hadi 7.0. Mashudu yanachukua nafasi ya peptoni (protini iliyokwisha kuvunjwavunjwa), ambayo ndiyo inayopandisha bei ya michuzi ya maabara. Kalsiamu itakaswe peke yake na kuongezwa ikishapoa, kwa sababu ikipashwa pamoja na fosfeti hushikana nayo na kushuka chini kama chokaa, na bakteria hawaipati.

Kwa nini wanga na si sukari? Bacillus akiwa na glukosi tele hafungui jeni za amilesi; anakula kilicho rahisi kwanza. Hali kadhalika amonia na asidi za amino zikiwa nyingi hupunguza utengenezaji wa protiesi. Wanga na mashudu huachia chakula polepole, na hiyo njaa ya kiasi ndiyo inayomlazimisha kutoa vimeng'enya. Ukitaka kutumia molasi, kumbuka karibu nusu ya uzito wake ni sukari: gramu 20 kwa lita ni gramu 10 za sukari, na zikiingia zote kwa pamoja amilesi itachelewa. Haba na haba hujaza kibaba: anza na gramu 4, kisha ongeza kidogokidogo kila saa chache pH inapoanza kupanda, maana kupanda kwa pH ni dalili kwamba sukari imekwisha na bakteria wameanza kula protini na kuachia amonia. Molasi pia ina rangi nzito inayovuruga vipimo.

Wanga una tabia yake inayokera. Ukipashwa bila maandalizi hugeuka uji mzito, tena uji usiopitisha hewa wala joto. Dawa yake ni kuchanganya wanga na maji, kuongeza kiasi kidogo cha amilesi ya mkupuo uliopita, kupasha 65 hadi 70°C ukikoroga kwa dakika 15 hadi 20, ndipo uendelee na utakasaji. Mchanganyiko utalegea mbele ya macho yako. Usizidishe muda, la sivyo utazalisha sukari fupi nyingi na kurudi kwenye tatizo la aya iliyotangulia.

Kutakasa

Flaski ya mililita 250 hutosheka na dakika 15 hadi 20 kwenye 121°C. Chombo cha lita 5 kinaweza kuhitaji dakika 45 au zaidi, kwa sababu katikati hupata joto kwa kuchelewa. Pumba nazo ni mbaya zaidi, maana hewa iliyo katikati yake haipitishi joto. Weka tabaka jembamba na hesabu dakika 30 hadi 45.

Sufuria kubwa ya shinikizo inafanya kazi ya otoklevu (chombo cha maabara cha kutakasa kwa mvuke wa shinikizo) kwa bei ndogo, lakini ina mtego. Geji ikisoma shinikizo sahihi haimaanishi umefika 121°C kama bado kuna hewa ndani. Acha mvuke utoke kwa nguvu kwa dakika 5 hadi 10 kabla ya kufunga vali. Na kwenye miinuko, geji ileile huashiria joto dogo kidogo, kwa hiyo ongeza muda. Utepe unaobadili rangi unathibitisha tu kwamba kifurushi kilikutana na joto; anayetaka uhakika atumie vipimo vya spora za Geobacillus stearothermophilus viwekwe katikati kabisa ya mzigo.

Mashudu na pumba ziloweke saa moja kabla. Donge kavu ndani ya mchuzi ni ngome ya spora za wageni: joto kavu huziua kwa shida kuliko joto lenye unyevu. Asiye na chombo cha shinikizo anaweza kuchemsha kwa mvuke wa 100°C dakika 30 kwa siku tatu mfululizo, akiacha mzigo kwenye joto la kawaida katikati ya siku hizo ili spora zichipue na kuuawa kesho yake. Njia hiyo inafanya kazi, ila ukijumlisha kuni au gesi ya siku tatu utaona kwamba sufuria ya shinikizo hujilipa mapema.

Kwenye trei au kwenye tangi

Mwaka 1894 Jokichi Takamine alipata hataza nchini Marekani ya kimeng'enya cha kuvu aliyokuzwa kwenye pumba za ngano, na mpaka leo pumba kwenye trei bado ni njia ya heshima. Bakteria nao hukua humo, ila wanataka unyevu zaidi kuliko kuvu. Kwa gramu 100 za pumba zenye unyevu wa asilimia 10, ongeza mililita 150 za maji yenye chumvi zilezile za mchuzi, takasa, acha zipoe hadi 37°C, kisha changanya na mililita 10 za mbegu iliyokua usiku kucha. Jumla unapata gramu 260 zenye gramu 170 za maji, yaani unyevu wa karibu asilimia 65. Ukikamata ngumi moja na kuiminya, zishikane bila kudondosha maji. Zikidondosha, nafasi za hewa zimejaa na utapata uozo wa asidi badala ya kimeng'enya.

Tabaka lisizidi sentimita 2 hadi 3. Bakteria wanaokua hutoa joto, na pumba ni blanketi: katikati ya tabaka nene joto hupita 45°C wakati kipimajoto cha chumba kinasoma 37°C. Chomeka kipimajoto ndani ya pumba zenyewe. Funika kwa kitambaa chenye unyevu kilichotakaswa, geuza pumba kwa kijiko safi baada ya saa 18 hivi, na vuna kati ya saa 48 na 72.

Uzuri wa trei ni kwamba unaanza na maji machache. Na hapo ndipo pa kushinda, kama hutaharibu ushindi wakati wa kukamua. Watu wengi humimina mililita 1,000 za maji kwenye gramu 100 za pumba, wakapata maji mengi yaliyozimuliwa. Fanya hivi: mimina mililita 500, koroga dakika 30, kamua kwa kitambaa kizito. Hiyo ndiyo bidhaa yako. Mimina mililita 500 nyingine kwenye pumba zilezile, kamua tena, na maji haya hafifu usiyauze. Yatumie kama maji ya kwanza kwenye mkupuo unaofuata. Yahifadhi kwenye 4°C na yasikae zaidi ya siku mbili. Kwa njia hiyo kimeng'enya kinarudi na kujilimbikiza badala ya kusambaa kwenye maji.

Kwa tangi, jambo la kwanza ni hewa, na la pili ni hewa. Maji ya 37°C hubeba takriban miligramu 7 tu za oksijeni kwa lita, na Bacillus anayekua kwa kasi huzimaliza kwa dakika chache. Kwenye flaski ya mililita 250 usiweke zaidi ya mililita 50, tikisa mizunguko 180 kwa dakika, na kizibo kiwe cha pamba isiyobanwa sana. Kwenye tangi lenye mchuzi wa lita 10 lenga hewa ya lita 10 kwa dakika. Pampu ndogo ya tangi la samaki haifiki huko, na hata ikitajwa kufika, hushindwa pindi inapokutana na chujio na kina cha maji. Kompresa ndogo isiyotumia mafuta ndiyo inayofaa. Hewa ipite kwenye chujio la mikromita 0.2, au kwenye bomba refu lililojazwa pamba kavu iliyotakaswa. Pamba ikilowa haichuji tena, kwa hiyo weka chujio juu ya usawa wa mchuzi ili umeme ukikatika mchuzi usirudi nyuma na kuilowesha. Tundu nyingi ndogo mwishoni mwa bomba ni bora kuliko tundu moja kubwa, na kikorogeo kinachovunja mapovu ya hewa kinaongeza oksijeni kuliko kuongeza hewa peke yake.

Mashudu na hewa vikikutana, povu haliepukiki. Matone ya mafuta ya mboga yaliyotakaswa hulituliza. Yakizidi, oksijeni inapungua na kuchuja kunakuwa shida, kwa hiyo weka tone kwa tone. Acha theluthi moja ya tangi iwe wazi.

Dalili za mkupuo unaokwenda vibaya

Pima pH kila baada ya saa sita. Katika mkupuo mzuri hushuka kidogo mwanzoni, kisha hupanda hadi 7.5 au 8 na zaidi. Ikishuka chini ya 6 na kubaki huko, ama hewa haitoshi na bakteria wanatoa asidi, ama wageni wanaopenda asidi wameingia. Harufu inasaidia: mkupuo wa Bacillus hunukia amonia kwa mbali, mkali wa siki ni wa wageni. Lakini kithibitisho ni hadubini. Unatakiwa kuona vijiti, baadaye vyenye spora zinazong'aa. Ukiona vimipira au chachu zenye machipukizi, mkupuo umekwenda, usiuokoe.

Kuna tatizo jingine ambalo huwachanganya hata wenye uzoefu. Mchuzi uliokuwa mzito na wenye ukungu unageuka kuwa mwepesi ghafla ndani ya saa chache, povu linaongezeka, na hadubini inaonyesha karibu hakuna seli. Hiyo ni kazi ya virusi vya bakteria. Kumwaga na kuanza upya kwa mbegu ileile kwenye chumba kilekile ni kuwalisha. Takasa kila kitu kwa mvuke, osha sakafu na meza kwa dawa ya klorini, hakikisha hewa inayotoka kwenye tangi inapita kwenye chujio, na uwe na aina ya pili ya bakteria akibani, isiyoshambuliwa na virusi hivyo.

Kinga nafuu kuliko zote ni mazingira yanayowakataza wageni. Kama aina yako inakua vizuri kwenye 50°C au kwenye pH 9.5, ikuze huko. Vijidudu vingi vya hewani havitamudu.

Kupima

Bila kipimo, gharama ndogo ni maneno matupu. Njia ya bei nafuu kabisa kwa amilesi inahitaji kigae cheupe, iodini na saa. Weka matone ya iodini kwa safu kwenye kigae. Changanya mililita 10 za wanga asilimia 1 na mililita 1 ya kimeng'enya kilichozimuliwa, vyote vikiwa 50°C. Kila dakika chukua tone moja la mchanganyiko, liangushe juu ya tone la iodini. La kwanza litakuwa bluu, kisha zambarau, kisha wekundu wa kahawia, na mwishowe iodini inabaki na rangi yake. Andika dakika ambayo bluu imepotea. Kimeng'enya kinachofika hapo kwa dakika 5 kina nguvu karibu mara mbili ya kinachochukua dakika 10.

Ukiwa na spektrofotometa (kifaa kinachopima ukali wa rangi), tumia DNS, kitendanishi kinachobadilika rangi kikikutana na sukari fupi ambazo amilesi huzitoa kwenye wanga. Kitendanishi: yeyusha gramu 1 ya asidi ya dinitrosalisili kwenye mililita 20 za sodiamu haidroksidi ya mola 2, ongeza maji mililita 50, gramu 30 za sodiamu potasiamu tartareti, fikisha mililita 100, tunza kwenye chupa ya rangi nzito. Changanya mililita 0.5 za wanga asilimia 1 na mililita 0.5 za kimeng'enya kilichozimuliwa, acha dakika 10 kwenye 50°C, ongeza mililita 1 ya DNS, chemsha dakika 5, poza, ongeza maji mililita 8, soma kwenye nanomita 540. Tuseme grafu ya ulinganisho inakupa miligramu 0.45 za glukosi. Hizo ni maikromoli 2.5, gawanya kwa dakika 10 unapata yuniti 0.25 (yuniti moja ni maikromoli moja kwa dakika), gawanya kwa mililita 0.5 unapata 0.5, zidisha kwa mzimuo wa 40: yuniti 20 kwa mililita.

Mchuzi wenyewe una sukari fupi, hasa ukitumia molasi au pumba, nazo hubadili rangi ya DNS zikidai sifa isiyo yao. Kila sampuli iwe na mrija wake wa udhibiti ambao DNS inawekwa kwanza, ndipo kimeng'enya kiingie. Kisha rudia kwa kimeng'enya nusu. Usomaji usiposhuka hadi karibu nusu, ulizimua kidogo mno na namba yako ni ya uongo.

Sampuli hizo za kila saa sita zitakuonyesha pia saa ya kuvuna. Vimeng'enya hupanda ukuaji unapopungua, hufika kilele, kisha protiesi huanza kuwala wenzake. Kusubiri "kidogo tena" baada ya kilele ni kutupa kazi.

Kuvuna na kutunza

Poza mchuzi hadi 4 hadi 10°C, uache utulie, kisha uchuje kwa kitambaa na baadaye kwa unga wa diatomaiti. Kama bidhaa ni amilesi ya B. licheniformis, jaribu kuongeza kalsiamu kloridi gramu 0.7 kwa lita na kupasha 75°C kwa dakika 15: amilesi inavumilia, protiesi nyingi na seli hai hazivumilii, na bidhaa itadumu zaidi rafuni. Pima amilesi kabla na baada. Usitumie bufa ya fosfeti wala EDTA kwenye bidhaa ya amilesi, maana zote mbili hunyang'anya kalsiamu.

Ukilazimika kukoleza, utando wa kuchuja wa kilodaltoni 10 (kipimo cha ukubwa wa molekuli) unaondoa maji bila joto. Amilesi hiyo ina takriban kilodaltoni 55, protiesi aina ya subtilisini takriban 27. Kwa hiyo utando wa 30 unaofaa kwa amilesi utakupotezea protiesi. Amoniamu salfeti, chumvi inayokifanya kimeng'enya kitengane na maji, ni mbadala wa maabara: gramu 561 kwa lita kwenye 25°C kufikia asilimia 80 ya kiwango cha juu kinachoweza kuyeyuka, ikiongezwa polepole. Kiasi hicho cha chumvi kwa kila lita kinatosha kukuonyesha kwa nini viwanda huikwepa.

Bidhaa ya maji ihifadhiwe na chumvi ya kawaida asilimia 15 hadi 20, au gliseroli, au sorbitoli. Sodiamu benzoeti hufanya kazi kwenye asidi tu. Kwenye pH 8 ni kujidanganya. Chupa iandikwe yuniti kwa mililita pamoja na joto, pH na njia ya kipimo, kwa kuwa yuniti 20 za 50°C si sawa na yuniti 20 za 70°C.

Na kuhusu unga, nasema kwa msisitizo: usikaushe bila mashine iliyofungwa. Mwaka 1969 madaktari wa Uingereza waliripoti ugonjwa wa mapafu kwa wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni waliovuta vumbi la protiesi ya B. subtilis, na tangu hapo viwanda vikahamia kwenye chembe zilizofunikwa. Hata bidhaa ya maji isipuliziwe kama ukungu. Vaa glavu, miwani na barakoa ya chembechembe, na kilichomwagika kioshwe kwa maji kingali kibichi, kisifagiliwe kikishakauka. Pumba zilizokamuliwa na mabaki ya tangi bado yana spora hai, kwa hiyo yarudi kwenye 121°C kwa dakika 30 kabla ya kutoka nje ya jengo, na joto la mzigo huo liingie kwenye hesabu ya gharama ya kila yuniti.